Wakala Niliyemweka Kati ya Mke Wangu na Dada Yangu

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba una siku yake ya mwisho, nayo ni Jumatano saa nne kamili asubuhi, kwa hiyo nakusihi barua hii usiiweke chini ya zile za wachumba waliokimbiana, wale wana muda, mimi sina.

Mimi ni fundi wa programu za kompyuta katika kampuni inayotengeneza matangi ya maji, yale meusi ya plastiki yanayokaa juu ya mapaa, na kazi yangu hasa si matangi bali ni kuifanya mifumo ya kampuni ielewane, maana programu ya mauzo ilinunuliwa mwaka wake, ya stoo mwaka wake, ya magari mwaka wake, na kila moja ina lugha yake na kiburi chake, kwa hiyo katikati yao tumeweka mfumo mwingine wa kupokea na kupeleka, tunauita mfumo wa kati, na mimi ndiye ninayeulea. Sasa mwaka huu nimebuni kitu, mshauri, na sijisifu nikisema ni kitu kizuri. Nakiita wakala wa mbali. Tuseme programu ya mauzo inataka kujua matangi mangapi yamebaki stoo, na stoo iko mji mwingine; leo hii inabidi ihangaike yenyewe na njia na funguo na mtandao, na mtandao ukikatika inaganda na karani anaanza kuipiga kompyuta makofi. Mimi nasema, tuiwekee wakala hapo hapo ndani, aliyevaa sura ya stoo, anayeulizwa kama inavyoulizwa stoo, naye analichukua swali, anavuka nalo, anarudi na jibu, na aliyeuliza hajui kabisa kama ameuliza mbali. Hajui! Utamu wote uko hapo.

Nyumbani ninaishi na mke wangu, mwalimu wa hesabu, na upande wa pili wa ua huo huo anaishi dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyenilea na kunisomesha mpaka hiyo kompyuta nikaijua. Milango miwili, ua mmoja, kamba moja ya nguo, bomba moja. Na hao wawili, mshauri, walikuwa hawasemeshani mwaka na nusu. Ugomvi ulianzia kwenye mapazia, dada alikataa kumshonea wifi yake mapazia ya sebuleni, au ndivyo ilivyoeleweka, mke wangu akaenda akanunua ya dukani, akayatundika kwenye dirisha linaloangaliana na cherehani ya dada, basi ikawa kila mtu na lwake, wakafutana hata namba za simu. Kuanzia siku hiyo nikawa mimi ndiye mbeba maneno. Mke wangu amesimama mlangoni, dada amekaa kwenye cherehani, kati yao hatua kumi na mbili, nimezihesabu.

“Mwambie dada yako bomba limebaki wazi.”

Natembea hatua kumi na mbili. “Dada, bomba limebaki wazi.”

“Mwambie mkeo aliyeliacha ni yeye.”

Narudi hatua kumi na mbili, na wote wawili wameshasikia, na jirani ameshasikia, na bomba bado linamwaga maji kwa sababu mimi ndiye ningelifunga na mimi niko safarini.

Ndipo siku moja nikajiambia, wewe si fundi wewe? Nikachukua kisanduku kidogo chenye laini mbili za simu, nikakiwekea programu yangu ya wakala, nikakificha juu ya kabati nyuma ya begi la safari, kisha nikamwambia mke wangu, namba mpya ya dada hii hapa, kama hutaki kuuona uso wake basi mwandikie, na dada nikamwambia maneno yale yale kuhusu mke wangu. Kila mmoja akaihifadhi namba ile kwa jina la “Wifi”. Na ukweli ni kwamba hakuna namba ya wifi pale, zote mbili ni za kisanduku. Mke wangu akiandika, kisanduku kinapokea kama dada, kinavuka, kinamwandikia dada kama mke wangu. Nilitaka kukijaribu kwa watu kabla sijakipeleka kazini, na watu waliohitaji kuunganishwa kuliko hao sikuwaona mahali pengine.

Wiki ya kwanza nilisoma walichokuwa wanaandikiana nikashika kichwa, kwa hiyo nikakifundisha kisanduku adabu kidogo, nikakipa orodha ya maneno ya kubadilisha, “toa” inakuwa “naomba utoe”, “acha” inakuwa “naomba uache”, na “mjinga” nikaiwekea “mpendwa”. Dada akaandika, “Toa sufuria yako bombani, mjinga wewe.” Kwa mke wangu ikafika, “Naomba utoe sufuria yako bombani, mpendwa wewe.” Mshauri, nilikuwa nimekaa naye sebuleni, aliuangalia ule ujumbe muda mrefu, akainuka, akaenda akaitoa sufuria, halafu akaandika, “Samahani wifi, nilisahau.” Nilitamani kumkumbatia mtu. Ndani ya mwezi orodha yangu ilikuwa haina kazi, walikuwa wanaandikiana vizuri wenyewe, mke wangu anacheka peke yake jikoni, na dada akaniambia, “Kumbe wifi yangu huyu ana maneno mazuri, kasoro yake ni uso tu.” Ana kwa ana bado hawakusemeshana, wakipishana bombani wanaangalia chini na kutabasamu kama watu wanaochumbiana, nikasema tuwape muda.

Sheria ya pili niliyokiwekea kisanduku ndiyo iliyonimaliza. Mke wangu akiwa darasani huzima simu, na dada akiwa anakata kitambaa huzima simu, anasema hataki kushtuliwa akiwa na mkasi mkononi. Sasa katika kazi yetu si vizuri kumwacha muulizaji ananing'inia, kwa hiyo nikaamuru kwamba simu ya upande wa pili ikiwa imezimwa, kisanduku kingoje dakika kumi, na kama haijawashwa kijibu chenyewe, “Sawa wifi, asante,” na swali lenyewe kilitupe, maana limeshajibiwa. Mshauri, niliwaza mambo madogo tu! Nimefunga geti, nimeanua nguo, nimeazima ndoo. Nani atakataa ukimwambia umefunga geti?

Mwezi wa tatu wa jaribio bomba likapasuka, mke wangu akaita fundi bomba, fundi bomba akalikaza upande siyo, maji yakaruka mpaka kwa dada. Dada akaandika, “Fundi bomba wako ni mjinga, ameloanisha vitambaa vyangu vyote, nimebaki namwangalia nimeshindwa hata kusema.” Nawe orodha yangu unaijua. Mke wangu akapokea kwamba fundi bomba ni mpendwa na kwamba wifi yake amebaki anamwangalia ameshindwa hata kusema. Aliusoma mara tatu. Dada yangu ameishi peke yake miaka mingi, na mke wangu ana roho nzuri, hilo sitamnyima, akaanza kumwita fundi bomba kila Jumamosi, mara koki inalia, mara haijalia lakini huenda ikalia, na fundi bomba naye akaanza kuja amechana nywele. Jumamosi moja akasema anatafuta chumba. Mke wangu akaandika, “Wifi, yule fundi bomba anatafuta chumba. Nimwambie achukue kile chako cha uani unachowekea vitambaa? Sitamwambia mtu sababu.” Dada alikuwa anakata sare. Zikapita dakika kumi.

“Sawa wifi, asante.”

Akahamia siku ile ile. Dada alikuwa ametoka kupeleka sare, aliporudi akakuta vitambaa vyake vimepangwa vizuri pembeni, kioo kimetundikwa, beseni kubwa la kuogea limekaa katikati ya chumba, na fundi bomba amesimama mlangoni anamwambia, “Karibu ndani, jisikie nyumbani.”

Dada hakupiga kelele, na bora angepiga. Alikuja kwangu akaniuliza taratibu, “Mdogo wangu, yule nani amemruhusu?” Mke wangu dirishani, bila kumwangalia, akasema, “Mwambie amemruhusu mwenyewe, ujumbe wake ninao.” Na mimi, mshauri, na hapa ndipo naona aibu kuandika, nilichukua simu ya mke wangu, nikatembea hatua kumi na mbili, nikamwonyesha. Akavua miwani, akaivaa tena, akausoma pamoja na saa ulipotumwa. Akatafuta kwenye simu yake, hakuna kitu. “Labda niliufuta,” akasema. Kisha akakaa kwenye stuli ya cherehani akaniuliza, “Mbona sikumbuki?” Nami nikamwambia, “Umechoka, dada.”

Tangu siku hiyo anabandika vikaratasi ukutani kwa pini, “Geti nimefunga,” “Pasi nimechomoa,” na wiki iliyopita alikwenda hospitali peke yake kueleza kwamba anasahau, wamempa siku ya kurudi kupimwa kichwa, akaniomba nisimwambie mke wangu asije akaanza kumwonea huruma. Mke wangu kwa upande wake hajui lolote, analalamika tu, “Dada yako ananishangaza, anakubali halafu anakana.” Moyo unaniuma, mshauri, sikufichi, chakula hakipiti.

Kwa nini sisemi? Kwa sababu ya Jumatano. Pendekezo la wakala wangu liko mbele ya kamati ya mifumo, na mkuu wa kamati ni mama mmoja tunayemwita Thibitisha, na kwa utaratibu wake hakuna kitu kipya kinachoingia kwenye mfumo wa kati mpaka watumiaji wawili wasimame mbele ya kamati waseme kwa vinywa vyao kwamba wamekitumia na kimewafaa, hii ni tangu mwaka ule tulipounda sanduku la maoni ambalo mtoa maoni pekee alikuwa aliyeliunda. Na mimi ukurasa wa tisa niliandika, kwa furaha zangu, “Umejaribiwa miezi minne na watumiaji wawili wasiosemeshana. Makosa: sifuri.” Na si uongo, kwenye daftari la kisanduku makosa ni sifuri kweli, kwa sababu kila kilipokosa kilijibu, na kilipojibu kiliandika kwamba kimejibiwa. Thibitisha akaniita. “Sifuri? Mimi niko kwenye kazi hii miaka ishirini, sifuri sijawahi kuiona. Hao watumiaji nataka niwaone kwa macho.”

Nimewaza kuwaleta binamu zangu wawili wajifanye ndio wenyewe. Nimewaza kumwambia dada ukweli baada ya Jumatano, lakini kipimo chake ni Alhamisi. Nimeandika hata ujumbe mzuri sana wa kuomba msamaha, uende kwa wote wawili kwa wakati mmoja kupitia kisanduku, ila naogopa mmoja atakuwa amezima simu. Wakala akipita nitakuwa kiongozi wa kikosi, asipopita nitarudi kuzibua mashine za kuchapia risiti. Nisaidie, nifanyeje nifike Jumatano bila nyumba kuvunjika?

Ni mimi,
Wa Katikati

*

Wa Katikati,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kama niko salama, na nilipofika kwa fundi bomba na beseni lake ilibidi nivue miwani nifute machozi. Mara ya pili nilifika pale dada yako alipokaa kwenye stuli, na kuanzia hapo sikucheka tena.

Hebu tuanze na kilichonikera kuliko vyote, maana nikikichelewesha nitazidi kuwa mkali. Mwanamke aliyekulea amekuuliza swali moja usoni, “Mbona sikumbuki?” Dunia nzima ni wewe peke yako uliyekuwa na jibu. Ulikuwa umesimama mbele yake, na simu ya ushahidi wa uongo mkononi. Ukamwambia amechoka! Halafu unaniandikia mimi kwamba chakula hakipiti. Na kisipite, mwanangu, kwa siku mbili tatu hakitakudhuru.

Usidhani simwelewi wakala wako. Kabla sijapewa kona hii ya gazeti nilikuwa opereta wa simu, miaka kumi na tisa kwenye bodi ya kuunganishia simu, waya mkononi na vipokea sauti masikioni. Wakala nilikuwa mimi, tena mwenye kiti cha kuzunguka. Watu walinipa mimi swali wakidhani wamempa mtu wa mbali, na wala sikukasirika, ndiyo kazi. Lakini opereta alikuwa na maneno yake machache: ongea, subiri, haipokelewi, laini imekatika. “Amekubali” halikuwemo. Ulipoona hakuna mtu upande wa pili ulitakiwa useme hakuna mtu. Muulizaji atanuna, atapiga tena kesho, hajafa. Wewe umeunda opereta ambaye akikosa mtu anajibu mwenyewe kwa sauti ya huyo mtu, kisha anararua karatasi ya swali, kisha anaandika kwenye daftari kwamba siku imekwenda vizuri. Na huyo ndiye unayetaka kumkabidhi matangi ya maji ya watu. Siku stoo imekatika, mauzo wanauliza kama matangi arobaini ya hospitali yameondoka, wakala wako anasema sawa. Wagonjwa wataoga nini?

Nakuambia haya kwa sababu kosa lako nililifanya. Kulikuwa na mzee akipiga kila Ijumaa kumtafuta mwanawe, na kila Ijumaa simu ya kule ilikuwa inaita tu. Nilimwonea huruma. Ijumaa moja nikamwambia, mzee, amesema atakuja Jumapili. Nilidhani nimemfurahisha, nikaunganisha simu nyingine. Jumatatu alinipigia. Alikuwa amekaa stendi Jumapili nzima na koti lake la harusi. Na unajua aliniuliza nini? Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Aliniuliza kama yeye alisikia vizuri. Aliomba radhi kwa masikio yake, akasema siku hizi yanampotosha. Ni miaka mingi sasa, na mpaka leo nikikumbuka sauti ile natoka nje kidogo. Mtu anayekuamini hawezi kukushuku wewe haraka, ataanza kujishuku mwenyewe. Dada yako ameanza kubandika vikaratasi.

Kuna jambo jingine, na hili umelipitisha haraka haraka ukidhani nimelala. Umesema dada alikataa kushona mapazia, “au ndivyo ilivyoeleweka”. Ilieleweka na nani? Mkeo alikwenda kumwomba mwenyewe? Sidhani. Nahisi alikutuma wewe, nawe ulikuwa na shughuli zako za mfumo wa kati, ukasahau, na ulipoulizwa ukasema dada hana nafasi. Kama nimekuonea, niandikie nitakuomba radhi hapa hapa gazetini. Kama sijakuonea, basi kisanduku chako hakikuanza miezi minne iliyopita. Kilikuwepo mwaka na nusu kabla, kina miguu, na kinatembea hatua kumi na mbili.

Sasa sikiliza cha kufanya, na ukifanye leo, usingoje Jumatano.

Panda juu ya kabati ukizime hicho kitu. Usikirekebishe kwanza, najua mafundi, utasema unabadilisha mstari mmoja tu na Jumapili itakukuta huko juu. Kizime. Na ule ujumbe wako mzuri wa msamaha uufute, maana ni aibu mtu mzima kutaka mashine iombe radhi kwa makosa ya mashine.

Halafu nenda kwa dada yako. Nenda akiwa ameketi, cherehani imezimwa. Mwambie hivi: “Dada, hukusahau. Aliyejibu ni mimi.” Unyamaze hapo hapo. Usiseme lakini, usianze kumweleza laini mbili na dakika kumi, atakuuliza akitaka. Atakasirika, na umwache akasirike, usijitetee na usiondoke. Akikurushia kifuniko cha bobini ya cherehani, kiokote umrudishie. Zitoe wewe pini kwenye zile karatasi za ukutani kama atakuruhusu. Na Alhamisi kama bado anataka kupimwa, mpeleke, ukae naye kwenye benchi, na daktari umweleze wewe mwenyewe kisa chote mbele yake, kwa sauti inayosikika, ili asitoke pale na ugonjwa usio wake.

Mkeo naye umweleze siku hiyo hiyo, kabla hajalisikia upande wa pili wa ua. Mwalimu wa hesabu hatachukua muda mrefu kupata jumla. Mwambie kwamba dada yako hajawahi kukana neno lake hata mara moja. Orodha ya maneno mpe aisome yote, na ya “mpendwa” usiifiche, nadhani ndiyo itakayokuokoa, maana mtu akishacheka ni vigumu kukufukuza vizuri. Kama ulizua lile la mapazia, limalize papo hapo.

Fundi bomba hana kosa lolote. Alipewa chumba akahamia, ungefanya nini wewe? Mtafutie chumba kingine, na beseni lake ulibebe wewe, mchana, watu wakikuona. Kuhusu kama dada yako kweli anamwangalia au hamwangalii, usiniulize mimi wala usimwulize mkeo, yuko mtu mmoja tu wa kujibu hilo na ana simu yake.

Jumatano nenda kazini. Binamu waache nyumbani kwao, Thibitisha atawamaliza kwa swali la pili. Ukurasa wa tisa ukate ile sifuri kwa kalamu nyekundu, uandike idadi ya kweli ya mara ambazo wakala wako hakupata jibu, hata kama ni mia. Nasema hivi kama opereta: ulichobuni ni kizuri. Kinachukua swali, kinavuka nalo, kinarudi, hiyo ni kazi ya heshima. Kipe tu neno lililokuwa linakosekana, “sijampata”, na swali kilihifadhi mpaka mwenyewe apatikane. Nina hakika mama yule atakuamini zaidi na mia yako kuliko alivyokuamini na sifuri. Asipokuamini, basi utazibua mashine za risiti, na watu wa dukani watakushukuru. Mashahidi wako uwaombe baada ya kuwaambia ukweli, kila mmoja peke yake, kwa mdomo wako. Wakikataa, iambie kamati kwamba wamekataa na sababu waliyotoa, usiipambe.

La mwisho, na naona wewe mwenye fani hukuliona kabisa. Wanawake wawili wameandikiana miezi minne, wamechekeshana, wameombana radhi, wanaanika nguo kamba moja, na mpaka leo hakuna hata mmoja mwenye namba ya mwenzake. Chukua karatasi mbili. Ziandike hizo namba kwa mkono, kila mmoja ya wifi yake, uwape mkononi, kisha toka hapo ukatembee. Na siku simu ya mkeo itakapolia mezani mbele yako, yeye yuko bombani na umeona wazi anayepiga ni nani, usiipokee.